Mama Clemence na Makangaga ya Nyuma ya Maktaba

Kabla sijaandika miaka ya utumishi na tarehe, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, nyumbani wala shuleni. Majani kumi na moja ya lile kangaga kubwa, yaliyochomwa moto kwenye shimo la takataka Jumamosi tarehe 5 Juni mwaka jana, niliyachoma mimi. Mzee Halidi, mlinzi wetu, hakuyagusa. Mama Clemence amemlaumu yeye kwa miezi kumi na moja, na mimi nimenyamaza miezi hiyo hiyo. Mwalimu Egidius aliponiagiza niandike wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe ya kumuaga Mama Clemence, alisema niandike ukweli kwa lugha safi. Nimeanza na ukweli. Lugha itafuata kadiri nitakavyoweza.

Bibi Rosalia Kasimiri, ambaye sisi sote tunamwita Mama Clemence kwa jina la mtoto wake wa kwanza, anastaafu rasmi siku ya Ijumaa, tarehe 27 Mei 2005, siku anayotimiza miaka sitini. Aliajiriwa kuwa mtunza bustani tarehe 1 Machi 1974, wakati eneo hili halijawa shule bado, bali kituo kidogo cha mafunzo ya wakulima chenye majengo mawili na ghala. Kituo kilipofungwa na shule ya sekondari kuanzishwa, walimu walikuja wapya, madawati yalikuja mapya, hata jina la barabara likabadilika. Yeye alibaki na jembe lake. Ametumika miaka thelathini na moja na karibu miezi mitatu, na katika muda huo wote faili lake lina barua moja tu ya onyo, ambayo nitaieleza.

Alizaliwa upande wa Mbulu, kwenye miinuko, katika familia ya wakulima wa ngano na maharage. Alikuja Babati akiwa ameolewa, akajenga Nakwa, na anaishi huko hadi leo. Kila siku ya kazi ametembea kwa miguu kutoka Nakwa mpaka hapa, na kurudi. Siku moja nilijaribu kupiga hesabu ya kilomita hizo zote kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la Jiografia, nikaacha katikati kwa sababu nilichoka kabla sijafika mwaka 1980.

Uzio wa minyaa unaoizunguka shule aliupanda yeye, kijiti kwa kijiti. Mwaka 2002 mkoa wa Arusha ulipogawanywa na mji wetu ukawa makao makuu ya mkoa mpya, walimu walimweleza kwamba jina la Manyara asili yake ni huo mmea wa uzio. Alifuta mikono kwenye kitenge chake akasema, “Kumbe mkoa mzima umepewa jina la kazi yangu, na mshahara umebaki ule ule.” Ofisi nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Alikwenda kukata minyaa iliyokuwa imeanza kuinamia barabara.

Lakini kazi itakayokumbukwa zaidi si uzio. Ni kile kitalu cha makangaga nyuma ya maktaba.

Kwa wazazi ambao hawajafika upande ule: kangaga ni mmea usiotoa ua wala tunda. Majani yake ni marefu, yamechanika pande zote mbili kama kitana, na jani jipya hutoka likiwa limejikunja kama mkia wa kinyonga. Halitaki jua kali. Hukaa kivulini, kwenye unyevu, mahali ambapo mimea mingine hugoma. Nyuma ya maktaba palikuwa mahali pa namna hiyo. Kuna ukuta wa jengo, kuna tangi la maji ambalo bomba lake lilikuwa likidondoka mchana na usiku, na juu ya vyote palikuwa na mringaringa mkubwa uliotandaza matawi mpaka kwenye paa. Fundi alipoletwa kuziba lile bomba, Mama Clemence alisimama mbele yake na ndoo mkononi. “Baba, ukiziba hapo, kila siku utakuja wewe kumwagilia?” Fundi alikusanya spana zake akaenda kushughulikia choo cha walimu. Bomba liliendelea kudondoka miaka tisa.

Barua ya onyo ilitokana na kitalu hicho. Miaka mingi iliyopita palikuwa na mkuu wa shule aliyependa waridi. Alimwita Mama Clemence akamwambia ayang'oe makangaga yote kwa kuwa hayatoi maua na yanaifanya shule ionekane kama msitu. Mama Clemence alijibu, “Ndiyo, Mwalimu.” Asubuhi yake aliyahamishia kwenye makopo nyuma ya jiko. Mkuu alipopita nyuma ya jiko, makopo yalikuwa yamehamia nyuma ya bweni la wavulana. Alipokwenda bwenini, yalikuwa yamerudi nyuma ya maktaba. Mchezo huo ulikwenda muhula mzima, na mwishoni mkuu aliandika barua. Mwaka uliofuata akahamishwa. Wakuu sita wamekuja na kuondoka tangu Mama Clemence aanze kazi, na anawakumbuka wote kwa heshima, kila mmoja na mmea aliousumbua.

Kangaga kubwa, lile ambalo majani yake niliyataja mwanzo, lilikuwa na shina moja tu. Makangaga mengine ya kitalu ukiyachimba unaweza kuyagawa kama unavyogawa migomba, kila chipukizi na mzizi wake. Lile la shina moja haligawanyiki. Ukilikata shina, limekufa. Alilitoa kwenye korongo karibu na shamba la baba yake mwaka 1979, likiwa dogo kama mkono wa mtoto, akalifunga kwa gunia bichi na maganda ya mgomba, akapanda nalo lori la ngano. Kwenye kizuizi askari aliuliza amebeba nini kilichofunikwa namna hiyo. “Mgonjwa,” alisema. “Usimfunue, atapata upepo.” Askari alifungua kizuizi. Mama Clemence hupenda kuisimulia habari hiyo, na kila akiisimulia askari huwa mkali zaidi kidogo.

Mimi ni mtunza vitabu wa zamu katika maktaba, na dirisha langu linatazama kitaluni. Mimi si mzungumzaji, na Mama Clemence hakunilazimisha kuzungumza. Nilikuwa nasoma, yeye akipalilia, na mara moja moja alisema neno bila kuinua kichwa. Siku ya kwanza nilipopewa kazi ya kumwagilia, nilimimina maji katikati ya majani. “We Amna,” alisema, “unabatiza mtoto? Mwaga pembeni, kwenye udongo. Kichwa kiache kikavu.” Nilimjibu kwamba kwetu hatubatizi. “Ndiyo maana hujui,” akasema, na hapo akatabasamu.

Kila siku saa nne asubuhi aliketi juu ya debe lililogeuzwa, na Mzee Halidi alitoka getini na birika lake. Mzee Halidi amekuwa mlinzi hapa tangu mwaka 1983. Walikunywa chai pamoja kwa miaka ishirini na moja. Yeye alileta sukari na majani ya chai, Mama Clemence alileta viazi vitamu au mahindi ya kuchemsha. Kupitia dirishani nilisikia maneno yao, na nikiri kwamba mara nyingi nilikuwa nimefungua kitabu bila kusoma.

“Mama Clemence, wewe unalima majani ambayo hata mbuzi hayataki.”

“Ndiyo maana nayalima, Baba Shadya. Angekuwa anayataka, mbuzi wako angeshayamaliza.”

“Mbuzi wangu ana adabu.”

“Adabu ya kamba shingoni.”

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao, na kesho yake yalianza tena kutoka hapo hapo.

Sasa nieleze kosa, kwa sababu bila kulieleza wasifu huu utakuwa umepambwa tu.

Mwanzoni mwa mwaka jana tuliambiwa kwamba shule itajengewa maabara. Mji umekuwa makao makuu ya mkoa, wanafunzi wameongezeka, na kiwanja kilichobaki ni kile cha nyuma ya maktaba. Mringaringa ungekatwa mwezi wa Agosti. Mama Clemence hakubishana. Alisema watoto wanahitaji maabara. Makangaga yanayogawanyika angeyahamisha, alikuwa ameshaona mahali. Lakini lile la shina moja lilikuwa zee, mizizi yake imeingia chini ya msingi wa tangi, na alijua halitavumilia kuhamishwa wala kuachwa juani. Njia ilikuwa moja, kuotesha watoto wake kabla mti haujakatwa.

Namna ya kuotesha nilijifunza baada ya kosa langu, si kabla. Masika yakiisha, majani makubwa ya kangaga hutoa madoa ya kahawia upande wa chini, yamepangwa mistari miwili kama vifungo vya koti. Madoa yakiiva hutoa vumbi laini kuliko unga wa muhogo. Jani hukatwa, hulazwa juu ya karatasi nyeupe katika chumba kisicho na upepo, na baada ya siku mbili vumbi linakuwa limeanguka na kuchora jani zima kwenye karatasi. Vumbi hilo ndilo hufanya kazi ya mbegu. Udongo huchekechwa, hutiwa bakulini, humwagiwa maji yanayochemka ili usiwe na kitu kingine kilicho hai, ukishapoa vumbi hunyunyizwa juu na bakuli hufunikwa kwa kipande cha kioo. Miezi miwili huoni kitu. Mwezi wa tatu udongo unakuwa na ukijani kama ukuta wa bafu. Baadaye hutokea vijani vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Kangaga lenyewe, lenye jani la kujikunja, huonekana mwezi wa sita au wa saba, na linapokuwa tayari kupandwa nje mwaka umekwisha.

Mama Clemence alihesabu kwa vidole. Akiotesha Juni 2004, Mei 2005 angepanda watoto wa kangaga lake, na mwezi huo huo angestaafu. Hapakuwa na mwezi wa ziada. Lile kangaga lilikuwa limetoa majani kumi na moja yenye madoa, na yalikuwa karibu kuiva, dada yake alipofariki Mbulu. Alipewa ruhusa ya wiki moja kwenda kuzika. Kabla ya kuondoka alimchukua Mzee Halidi mpaka kitaluni akamwonyesha kwa kidole, jani kwa jani. “Haya mtu asiyaguse mpaka nirudi.” Mimi siku hiyo sikuwepo dirishani. Nilikuwa kwenye mtihani wa majaribio.

Jumamosi ile nilikuwa zamu ya bustani peke yangu. Wiki hiyo tulikuwa tumesoma katika somo la Kilimo ugonjwa wa kutu ya majani ya kahawa. Kitabu kinasema utaona madoa ya rangi ya kutu upande wa chini wa jani, ukiyagusa yanaacha unga kidoleni, na ugonjwa huenea kwa upepo. Dawa yake ni kukata majani yote yenye madoa mara moja na kuyachoma moto, usiyafukie. Niligeuza jani la kangaga kubwa nikaona madoa ya rangi ya kutu. Niligusa, kidole kikawa cha kahawia. Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi anapokutana nje na kitu alichokisoma. Nilikata majani yote kumi na moja kwa mkasi, karibu kabisa na shina, nikayachoma kwenye shimo la takataka na majani makavu mpaka yakabaki majivu na vikonyo vichache, nikausafisha mkasi kwa maji ya moto kama kitabu kilivyoagiza. Niliona nimeuokoa mmea wake akiwa msibani. Nilipanga kumwambia atakaporudi.

Alirudi Jumanne. Alikuwa amekonda na macho yamemvimba. Saa nne nilikuwa nimeshashika mlango ili nitoke nikamweleze, nikasikia sauti yake, nikabaki hapo hapo.

“Baba Shadya, majani yangu yako wapi?”

“Majani gani tena, mama? Pole kwanza na msiba.”

“Yale niliyokuonyesha kwa kidole.”

“Si yapo?”

“Njoo uone kama yapo.”

Walikwenda mpaka kwenye lile kangaga. Kisha Mzee Halidi akasema, “Sijayagusa mimi.”

“Shimoni kuna vikonyo vyake. Kila Jumamosi nani anawasha moto pale? Mimi?”

“Jumamosi moto nimeukuta unawaka. Nilidhani ni watoto wa zamu. Wallahi sijayagusa, Mama Clemence.”

“Usimtaje Mungu kwenye uongo.”

Walimu wawili walikuwa wanapita na wakasikia. Mzee Halidi aliweka kikombe chini, chai ikiwa bado imo, akarudi getini. Mama Clemence aliketi kwenye debe lake. Alisema peke yake, bila kumlenga mtu, “Nimechoka jamani. Sina mwaka mwingine.”

Nilifunga mlango wa maktaba taratibu ili usilie.

Siku ile sikusema kwa woga. Siku ya pili sikusema kwa sababu sikusema siku ya kwanza. Halafu likizo, halafu mtihani wa kidato cha pili, na kila wiki iliyopita iliongeza uzito wa wiki inayofuata. Agosti mringaringa ulikatwa. Kangaga kubwa liliachwa juani na majani mapya matatu tu, Mama Clemence akalijengea kibanda cha matete, akalifunika gunia bichi asubuhi na mchana. Mwezi wa Oktoba lilikauka. Hakuna mtu aliyemwambia pole, kwa kuwa wengi hawakujua ni nini kilichokufa. Kurudi kwenye lile korongo kutafuta jingine hawezi. Magoti yake hayapandi tena milima.

Baba yangu ana duka Bagara, na jioni mimi ndiye ninayepima sukari. Zamani Mzee Halidi alinunua nusu kilo kila Jumatatu. Tangu Juni ananunua robo. Nimempimia robo hiyo wiki baada ya wiki, nimemwamkia shikamoo, ameitika marahaba na kuniuliza masomo yanaendaje.

Hata hivyo Mama Clemence hakulala. Katika mwaka huu wa mwisho, mwaka ambao watu wengi huhesabu siku, alihamisha mashina ishirini na sita ya makangaga kwenda nyuma ya jiko, chini ya kichanja cha mapasheni, akayagawa, na leo ni hamsini na mbili. Amewafundisha wanafunzi wa kidato cha kwanza kuyatunza. Yeyote anayetaka kuona kazi ya miaka thelathini na moja asiangalie jukwaani siku ya sherehe. Apite nyuma ya jiko, ainame kidogo, aache macho yazoee kivuli.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi, ninakushukuru, Mama Clemence, kwa kila ndoo uliyoinua na kila jani ulilolikinga na jua. Tunakuombea huko Nakwa upate asubuhi zisizo na haraka, magoti yapoe, na wajukuu wa kukuchotea maji wewe sasa. Pumzika vizuri, mama yetu. Umechoka kwa haki.

Hapo ndipo nilipomaliza kuandika, Ijumaa tarehe 13 Mei. Sikuona kuwa ni sawa wahusika wausome wasifu huu kwa mara ya kwanza sherehe ikiendelea. Kwa hiyo nilifanya yafuatayo.

Jumamosi asubuhi nilikwenda getini nikamsomea Mzee Halidi aya ya kwanza na habari ya kutu ya kahawa. Alisikiliza huku akitazama barabara. Nilipomaliza alisema, “Mimi nilikuwa najua kwamba sikuyachoma. Mbona unanisomea mimi? Kamsomee yeye.” Nikamwomba msamaha. Akasema, “Kamsomee kwanza.”

Jumapili mchana nilikwenda Nakwa. Mama Clemence alikuwa amerudi kanisani, amekaa nje anachagua maharage. Nilimsomea yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Mikono yake iliendelea kuchagua mpaka nilipofika kwenye moto, ndipo ikasimama.

“Ulikata kwa kitu gani?” aliuliza.

“Kwa mkasi, mama.”

“Na ule unga, ulikushika kidoleni?”

“Ulinishika.”

“Basi yalikuwa yameiva,” alisema. Nilidhani atanipiga, na ningeona ni afadhali. Kisha akasema, “Nilimwambia asimtaje Mungu. Mtu mzima yule.”

Alisukuma ungo pembeni, akaingia ndani, akatoka amebadili kitenge na kuvaa viatu vya kanisani. Nilimwambia ningeweza kumwita Mzee Halidi aje. “Umwite wa nini?” alisema. “Tulia. Nyanyua mguu.” Tulitembea kutoka Nakwa mpaka Bagara. Alipumzika mara tatu.

Nyumbani kwa Mzee Halidi alisimama nje ya mlango. “Hodi, Baba Shadya.”

Ndani palikuwa na sauti ya redio, ikazimwa. Mzee Halidi alitokeza akiwa na kofia yake na fulana ya nyumbani.

“Nilikuita mwongo mbele ya watu,” Mama Clemence alisema. “Ijumaa ya sherehe nitasema mbele ya watu hao hao kwamba hukuwa mwongo. Lakini nimeona nisingoje Ijumaa.”

“Umekuja kwa miguu?”

“Kwa miguu.”

“Na hayo magoti?”

“Si ndiyo nimekuja nayo.”

Mzee Halidi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaingia ndani na kutoka na kigoda. Alikipangusa kwa kiganja akakiweka ukutani, upande usio na jua. Mama Clemence alikaa taratibu, akinyoosha mguu mmoja kwanza. Mzee Halidi aliniambia, “Wewe Amna, nenda nyumbani. Mwambie baba yako uliyoyafanya. Usije ukangoja tena mwaka.”

Nilikwenda. Nilimwambia baba dukani, nikiwa nimesimama nyuma ya mizani, na baadaye nilimwambia na mama. Usiku nilinakili karatasi hizi kwa kalamu ya wino, nikaongeza kurasa hizi za mwisho, na Jumatatu asubuhi kabla ya paredi nikampa Mwalimu Egidius. Alizisoma akiwa amesimama mlangoni pa ofisi, mpaka kengele ikalia na wanafunzi wakajipanga. Aliniuliza kama nitaweza kuzisoma mwenyewe Ijumaa ya sherehe, kwa kipaza sauti, mbele ya shule na wazazi. Nilisema nitaweza, nikaenda kwenye mstari wangu.

Amna Abdulsalam, Kidato cha Tatu